Miti Niliyoipima kwa Mbali

Fomu ya ploti ya kumi na saba niliijaza nikiwa nimekaa juu ya jiwe, ng'ambo ya korongo, mbali kabisa na miti niliyokuwa naiandika. Niliijaza kwa mwandiko mzuri. Niliweka tarehe, nikatia sahihi, na pale palipoandikwa "jina la mpimaji" nikaweka langu kwa herufi kubwa, kama mtu anayetaka sana kujulikana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini, afisa misitu msaidizi. Nilipanga vyumba viwili Mkomaindo, mjini Masasi, nyuma ya hospitali. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko kazi. Kazi yenyewe, siku nyingi, ilikuwa kugonga mihuri kwenye vibali vya kusafirishia mbao ambazo sikuwahi kuziona zikiwa miti, na kugawa miche ambayo mbuzi waliisubiri kwa hamu kuliko wananchi. Watu waliniita bibi miti. Nilizaliwa Newala, juu uwandani, nikashukia Masasi kwa ajili ya shule, na tangu hapo nilikuwa napanda kule kwa misiba tu.

Mradi wa rada ulipokuja nilifurahi kuliko inavyompasa mtumishi wa umma. Ulikuja na mtaalamu mmoja kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi, aliyekunywa maji kwa funda dogo dogo kama anayeonja dawa. Alikuwa na kompyuta yenye picha za misitu yetu yote zilizopigwa kutoka angani, na alizungumza habari za msitu wa kijiji kilicho chini ya ukingo wa uwanda, kijiji ambacho sitakitaja, kama mtu aliyekulia humo. Hakuwahi kufika. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi, mtaalamu akasimama kueleza.

"Rada si kamera," alianza. "Kamera inahitaji jua. Rada ni kama popo. Popo anapiga kelele, halafu anasikiliza kelele yake inavyorudi, ndipo anajua mbele kuna ukuta au kuna mdudu. Setilaiti nayo ikipita huko juu inatuma mawimbi. Yakikuta majani madogo yanapenya. Yakikuta magogo na matawi makubwa yanarudi. Yakirudi mengi, tunajua hapo kuna mbao nyingi."

Mama mmoja aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Na usiku inaona?"

"Usiku inaona. Kwenye mawingu inaona. Hata kwenye moshi."

"Sasa kama inaona usiku na kwenye mawingu, hizo tepu za kupimia mmezileta za nini?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, na kwa hilo nilimpenda. Akaeleza kwamba rada husikia mwangwi tu, haijui mwangwi huo ni mita ngapi za ujazo. Lazima ifundishwe. Tutapima vipande vichache kwa mikono yetu, ploti za duara, kila mti unene wake kwenye usawa wa kifua na urefu wake, kisha tutaiambia rada: mwangwi wa namna hii, mbao kiasi hiki. Ikishaelewa hapo, itausoma msitu mzima yenyewe.

"Kumbe ni mwanafunzi," alisema yule mama.

"Ni mwanafunzi. Na mwalimu wake ni bibi miti wenu huyu hapa."

Nilitazama chini kwa unyenyekevu, nikahakikisha kwanza kwamba wote wameona ninavyotazama chini.

Hapo ndipo mzee mmoja aliyeegemea baiskeli yake nyuma ya mkutano alinyoosha mkono. "Kisiki je? Hiyo rada inakiona?"

"Kisiki hakirudishi mwangwi wa maana, mzee. Rada inaona kilichosimama."

"Ahsante," akasema, akashusha mkono. Niliona ni swali zuri. Nilimwambia hivyo baada ya mkutano.

Kumbe serikali ya kijiji ilikuwa imeshamteua yeye awe kiongozi wangu wa njia, kwa sababu hakuna aliyeujua msitu ule kumzidi. Kwa nini aliujua hivyo, kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Alikuwa mpasua mbao. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akipasua mninga na mkongo kwenye shimo, yeye juu ya gogo na mwenzake chini, msumeno ukipanda na kushuka kati yao. Mwenzake alifariki mwanzoni mwa mwaka ule, mgongo wake mwenyewe ukachoka, na mbele ya kamati ya mazingira alitangaza kwamba ameacha. Kamati ilifurahi sana, ikamfanya mjumbe.

Nilimwita nang'olo, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwa Kimakonde. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaniitikia marahaba akiwa ameshaanza kutembea. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Alisimama mbele ya mti, akauangalia kuanzia chini hadi tawi la kwanza, kisha akasema, "Mbao nane za futi kumi na mbili, na banzi moja la kuwekea dari." Mimi nikazungusha tepu, nikapima urefu, nikapiga hesabu kwenye simu. Alikuwa akikosea kwa upana wa kidole tu. Siku ya tatu nikaanza kumuuliza kabla ya kupima. Siku ya tano nilikuwa napima ili kujiridhisha tu. Kila mti aliutaja kwa Kimakonde, na mimi, niliyejifunza majina yake ya Kilatini chuoni na kuyakariri hadi mitihani ikanipisha, nilisikia majina ambayo mama yangu alikuwa akiyataja akitafuta kuni. Jioni nilirudi na bodaboda kupitia Chiungutwa, vumbi mpaka kwenye kope, nikiwa na furaha ambayo sikuizoea siku za kazi.

Si kila ploti ilikuwa msituni. Mtaalamu alikuwa ametutumia alama za mahali ambapo rada ilisema pana mbao nyingi, na mojawapo ilituangukia Chiwata, katikati ya shamba la mikorosho la mama mmoja mjane. Mikorosho yake ilikuwa mikongwe, minene, matawi yamegusana. Nilimweleza kwamba setilaiti imehesabu shamba lake kuwa msitu.

"Msitu wa nani?" akauliza.

"Haijasema."

"Basi andika ni wangu, kabla haijasema."

Niliandika "mikorosho", tukapima, akatupa korosho za kukaanga tulizozila tukitembea.

Ploti ya kumi na saba ilikuwa siku mbili baadaye, mwezi wa saba. Alama ilionyesha mteremko wa ng'ambo ya korongo, kwenye sehemu nene ya msitu wa kijiji. Tulishuka korongoni, tukaanza kupanda, na mzee aliyekuwa mbele akasimama ghafla, akanizuia kwa mkono.

"Upupu."

Ulikuwepo kweli. Mizizi sijui ilianzia wapi, lakini mbele yetu vichaka vyote vilikuwa vimefunikwa na maganda ya kahawia yenye manyoya yanayong'aa juani, yamekauka vizuri, yanasubiri tu mtu ayaguse. Asiyewahi kuwashwa na upupu hawezi kunielewa, na aliyewahi hahitaji maelezo. Nilirudi nyuma hatua tatu bila kuamua.

"Tuzunguke," nilisema bila moyo.

"Umezunguka pande zote. Na upepo huu? Utaingia nao mpaka nyumbani, binti. Utamwasha mpaka mumeo."

"Sina mume."

"Basi utajiwasha peke yako, hakuna wa kukukuna."

Tulirudi ng'ambo, tukakaa. Kutoka kwenye jiwe lile mteremko ulionekana wote, kijivu na kahawia, kwa sababu miyombo ilikwisha pukutisha majani. Mzee akatazama muda, kisha akasema, taratibu, kama mtu anayewataja ndugu zake, "Pale napajua. Andika. Mninga, minne. Wa kwanza unene wake huu." Akaonyesha kwa mikono. "Sentimita hamsini na mbili. Wa pili arobaini na saba, umepinda kidogo juu. Wa tatu..."

"Nang'olo, unaiona kutoka hapa?"

"Naijua."

Nikaandika. Alitaja mininga minne, miyombo kumi na mmoja, mitondoro, mpingo mmoja mwembamba uliokauka ncha. Alitaja mpaka urefu wa shina hadi tawi la kwanza. Nilijiambia kwamba siku zote zilizopita hajakosea. Nilijiambia kwamba hata rada inapima kwa mbali, tena mbali kuliko mimi. Hoja hii ilinipendeza sana, nikaifikiria njia nzima ya kurudi.

Mwezi wa tisa mtaalamu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kutoa habari njema na anaichelewesha kwa makusudi. Alisema ploti nyingine zimetawanyika kwenye grafu yake, zinakwenda huku na huku, nyingine zilipimwa karibu na njia, nyingine GPS iliyumba. Lakini moja imekaa sawasawa kwenye mstari, kana kwamba rada na mpimaji walikaa meza moja. Alikuwa ameilinganisha na picha ya rada ya kiangazi cha mwaka uliotangulia, na zimekubaliana mpaka aliogopa.

"Ploti ipi?" niliuliza.

"Ya kumi na saba. Dada, ile kazi ni ya mfano. Nakuja niipige picha kwa ajili ya ripoti."

Alikuja baada ya siku nne. Mzee alipopata habari aliumwa mgongo, lakini mwenyekiti alimwambia mgeni ametoka Dar kwa ajili yake, na mgongo ukapata nafuu. Tulikwenda watatu. Mzee mbele, mtaalamu katikati ameshika GPS kama mtu aliyeshika kikombe cha chai kilichojaa, mimi nyuma.

Tulitembea sana. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita kichuguu, tukapita kichuguu kingine ambacho kwa maoni yangu kilikuwa kile kile.

"Mzee," alisema mtaalamu kwa adabu yake, "hii inasema tunakwenda mbali nayo."

"Njia ndiyo inavyokwenda."

Baada ya muda: "Mzee, sasa inasema tumeipita."

"Hicho kidude kina betri?"

"Kina betri, mzee."

Mwishowe mtaalamu alisimama, akaomba radhi, akakata kushoto yeye mwenyewe akifuata mshale kwenye kioo. Alikuwa mtu wa kwanza wa Dar kumwongoza mzee yule msituni mwake. Hatukupita korongoni. Tulitokea kwa upande wa juu, na huko hapakuwa na upupu hata jani. Palikuwa na njia safi, iliyokanyagwa, pana ya kutosha kupitisha baiskeli iliyobeba mbao.

Njia ile ilitufikisha katikati ya ploti ya kumi na saba.

Miyombo ilikuwepo, yote kumi na mmoja. Mpingo uliokauka ncha ulikuwepo. Mininga minne ilikuwa visiki vinne. Katikati yao palikuwa na shimo la kupasulia, limeanza kujaa majani, na kando yake mabanzi yamelala na unga wa mbao uliogeuka kijivu. Nilisogea kwenye kisiki kikubwa, nikazungusha tepu mahali palipobaki. Sikuwa na haja. Nilijua kilikuwa cha mti wa sentimita hamsini na mbili.

Mtaalamu alishika kichwa. "Wezi! Wamengoja mmalize kupima, wakaingia! Miezi miwili tu!"

Alikuwa amenifungulia mlango, akaushikilia wazi, akaniomba nipite. Yeye msitu aliujua kwa juu. Hakuona kwamba visiki vilikuwa vimechipua, na machipukizi yamepita magoti, yamekomaa, gome limeshika. Chipukizi la namna ile haliwezi kukua kiangazi. Lilikuwa limenyeshewa kifuku kizima, msimu wote wa mvua. Miti ilikatwa mwaka uliopita, baada ya picha ya rada na kabla ya mvua, miezi mingi kabla sijakaa juu ya jiwe langu na kalamu.

Nilimtazama mzee. Yeye alikuwa anayatazama machipukizi. Alijua ninachokiona.

"Wezi ni wabaya," alisema mzee.

"Wabaya sana," nikasema mimi, afisa misitu.

Mtaalamu akapiga picha nyingi. Kabla ya kuingia garini akaniambia kwa hasira ya mtu mwema kwamba hilo halitaisha hivi hivi. Rada inapita kila baada ya muda. Ataomba picha zote za katikati, azipange, na mwangwi utakapoanguka tutajua ni lini hasa wezi walikata. Aliniambia ili anifariji.

Nilikaa na habari hiyo siku moja na nusu. Siku ya pili nikapanda bodaboda hadi kwa mzee. Nilimkuta uani anakaza mguu wa kitanda cha kamba. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Ulinipa namba za uongo," nilisema.

Alionekana kuumia kweli. "Namba za uongo? Mimi? Mti upi nilikosea?"

"Miti haikuwepo!"

"Hukuniuliza kama ipo. Uliniuliza ina ukubwa gani." Akaweka nyundo chini. "Ile minne niliipima kabla sijaikata, nikaipima baada ya kuikata, nikaipima ikiwa mbao. Hata hiyo rada yenu haijaipima hivyo. Na wewe, binti, ulikuwa na miguu miwili. Njia ya juu ungeitafuta, ungeiona."

Nilikuja nimebeba maneno mengi ya kumwambia. Hilo la mwisho liliyamaliza yote. Mkewe akaleta maji. Baada ya hapo mzee akauliza, kwa sauti nyingine, "Unakwenda kusema?"

"Nakwenda kusema yangu."

"Yako ikishasemwa, yangu inabaki wapi?"

Nilimpigia mtaalamu jioni ile ile, nimesimama nje ya nyumba yangu ili mtandao usikatike na nisipate kisingizio. Nilimwambia hatukuingia kwenye ploti. Nilimwambia habari ya upupu, na jiwe, na machipukizi.

Nilimsikia akifungua kompyuta. "Kwa hiyo ile ploti nzuri kuliko zote..."

"Hatukufika."

"Na vipimo?"

"Vya kukumbuka."

"Vya nani?"

"Vya aliyeikata miti."

Akaanza kucheka. Alicheka vibaya, akakohoa. "Dada," alisema, "unajua kwamba kwa picha ile, ya mwaka ule, vipimo vyake ni sahihi? Miti ilikuwepo. Namba ni zenyewe. Kisayansi ndiyo ploti pekee iliyopimwa wakati mmoja na rada." Kisha akapumua. "Naifuta. Lazima niifute. Lakini ungejua mstari wangu ulivyokuwa mzuri."

Nililetewa barua ya onyo, yenye makosa mawili ya tahajia, nayo iko kwenye faili langu hadi leo. Niliamriwa kupima upya ploti zote, na safari hii kupiga picha ya tepu ikiwa imezunguka kila mti. Mzee aliitwa mbele ya serikali ya kijiji. Alikiri mininga minne, akaomba radhi, na wajumbe wakatafakari saa tatu. Walimpokonya msumeno. Kisha wakajadili ni nani atalinda msitu ule kwa kuwa njia zake zimejulikana, wakagundua kwamba zinajulikana kwa mtu mmoja. Wakamfanya mlinzi, wakampa filimbi. Nasikia hajawahi kutokea mlinzi mkali kama yeye. Vijana wa mkaa wamehama.

Niliomba kiongozi mwingine wa njia. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri, na kesho yake asubuhi aliyekuwa ananisubiri na baiskeli alikuwa nang'olo, na filimbi shingoni. Tulipima ploti kumi na sita kwa tepu, bila mazungumzo mengi. Nilimkataza kutaja ukubwa kabla sijapima. Alitii, lakini midomo yake ilikuwa ikicheza, na kila nilipoisoma namba kwa sauti alitikisa kichwa polepole kama mwalimu anayekubali jibu la mtoto mzito.

Ya kumi na saba tuliifanya mwisho, kwa njia ya juu. Fomu mpya zilikuwa na ukurasa wa visiki: unene, aina ya mti, mwaka unaokadiriwa wa kukatwa, na mwishoni, aliyekata. Mtaalamu alikuwa ametupigia mfano wa kujaza nafasi hiyo: "haijulikani".

Mzee alishika ncha ya tepu kwenye kisiki cha kwanza. Nikasoma unene, nikaandika. Nikaandika mninga. Nikaandika mwaka. Kalamu ikasimama.

"Hapo wanataka nini?" aliuliza.

"Wanataka aliyekata."

Alifikiri kidogo, mkono bado kwenye tepu. "Andika polepole," alisema, "jina langu watu wengi wanalikosea."